Ng'ombe Wasiokuwemo Kitabuni

Nimekabidhi mwiko, hii ni wiki ya tatu, na mkono wangu wa kulia bado unaamka kabla yangu kila alfajiri kutafuta kitu cha kukoroga. Ninyi niliowaachia jiko, Leticia, Mama Bahati na Rehema, mliniomba niandike mambo ya kazi. Niliishia darasa la nne kule Samuye, kwa hiyo mtauvumilia mwandiko. Mshahara wangu hautawafundisha kitu. Cheo nacho sikupata zaidi ya kuitwa mpishi mkubwa, na hicho nilikipata kwa sababu wakubwa wote walikuwa wameshaondoka. Nitawaandikia habari za moto, za maharage, na za kile kitabu cha Kiingereza kisicho na mwisho kinachokaa ndani ya debe, juu ya rafu ya chumvi. Kila mpishi mpya ameniuliza kwa nini hakitupwi. Sasa mtajua.

Nilifika shuleni hapa Ushirombo nikiwa na mwanangu Sayi mgongoni, mume wangu akiwa amenihamishia huku kutoka Samuye. Jiko lilikuwa la Mama Kulwa. Nasema lilikuwa lake kwa sababu hata Sista Mkuu wa shule alikuwa akibisha hodi kabla ya kuingia. Alikuwa Msumbwa wa hapahapa, mfupi, mwenye mikono ambayo moto ulikuwa umeshaizoea. Siku ya kwanza alinipa mwiko, urefu wake unanifika kifuani, akanionyesha sufuria la ugali wa wasichana mia mbili, akasema, "Koroga. Ukichoka, koroga."

Nikakoroga. Ugali ukatoka na mabuje ya kumtosha kila msichana lake. Mama Kulwa akaonja, akatafuna kwa muda mrefu.

"Kwenu Samuye huu mnauita nini?"

"Ugali, mama."

"Sawa. Kesho tupikie wa kwetu."

Hakuwahi kunigombeza zaidi ya hapo. Alinifundisha kuzijua kuni kwa mlio wake zikigongwa, kwamba uji hauongezwi maji baridi, na kwamba maharage hayatiwi chumvi mpaka yakubali kubonyezwa. Alinifundisha pia namna ya kuwasha moto wakati wa masika. Stoo kulikuwa na boksi la madaftari ya zamani, yaliyoachwa na waliomaliza. Unachukua daftari, unachana kutoka nyuma. Sikuzote nyuma, kwa sababu nyuma ndiko karatasi zisizoandikwa zinakobaki, na karatasi isiyo na wino haitoi moshi wa kuuma macho. Mbele kuna kazi ya mtoto wa watu, alisema, ile ichome mwisho.

Shikeni hapo, kwa sababu kosa langu lilianzia kwenye mafundisho mazuri.

Wiki ya pili mvua ilinyesha siku tatu mfululizo. Kuni zilikuwa zinatoa povu. Nikaingia stoo, nikapapasa boksi, juu kabisa nikakuta kitu kama daftari nene lisilo na jalada. Nikafanya kama nilivyofundishwa. Nikachana kutoka nyuma, karatasi tisa, nikazikunja, nikazisukuma chini ya kuni. Zilikuwa na maandishi, nililiona hilo, lakini Kiingereza sikukijua na uji ulikuwa umechelewa. Ziliwaka vizuri sana. Nakumbuka nikijisemea kwamba Wazungu wanajua kutengeneza karatasi.

Jumamosi ile ndiyo nikayajua maharage ya shule. Kila Jumamosi baada ya usafi, wasichana walikuja nyuma ya jiko na nyungo zao kuchambua maharage ya wiki, kutoa vijiwe na yaliyotobolewa. Ilikuwa kazi ya kelele na ugomvi. Mara akaja Mwalimu Perpetua, mwalimu wa Kiingereza, mrefu, mwembamba, miwani imefungwa kwa uzi. Akamuuliza Mama Kulwa, "Mama, kuna kitabu changu nilikiweka stoo siku ile nilipojikinga na mvua?"

Mama Kulwa akaenda kukitoa. Kilikuwa kile.

Mwalimu akakipangusa, hakugeuza nyuma, akaketi juu ya kinu kilicholazwa, akawaambia wasichana kwamba kuanzia leo wakichambua atawasomea. Akasema hiki ni kitabu cha zamani cha mapenzi, Waingereza wamekisoma tangu enzi za mabibi wa mabibi zao na hawajakichoka. Alipewa na Sista aliyemfundisha yeye mwenyewe. "Na sijakimaliza," akasema. "Kila nikikaribia mwisho najizuia. Safari hii nitakimaliza pamoja nanyi."

Mimi nilikuwa nimeshika ungo. Niliinamisha kichwa nikatafuta vijiwe ambavyo havikuwepo.

Alikuwa akisoma kipande kwa Kiingereza, kisha anakisimulia kwa Kiswahili ili na sisi wa jikoni tupate. Kiswahili changu kingi nimekiokota pale, kwa maana nyumbani kwetu tulisema Kisukuma tu. Hadithi yenyewe ilikuwa hivi. Kulikuwa na binti anaitwa Klara, baba yake mwalimu, amekufa. Analelewa na shangazi. Ng'ambo ya mto kuna Edwini, mwenye mashine ya kusaga inayozungushwa na maji, kijana asiyependa maneno. Wanapendana, lakini Edwini hasemi, Klara naye hasemi. Edwini anaandika barua ya kumposa, anaituma. Shangazi anaipokea, anaificha ndani ya mtungi wa sukari usiotumika, kwa sababu anamtaka Klara aolewe na karani mmoja mzee mwenye nyumba ya ghorofa. Miaka sita inapita. Edwini anadhani amekataliwa, Klara anadhani amesahauliwa. Na mto ni ule ule, daraja ni lile lile, kila Jumapili wanaonana ng'ambo kwa ng'ambo na kuamkiana kwa kichwa.

Basi, ni hilo tu. Hakuna vita, hakuna mchawi. Lakini sijaona kitu kilichowashika wasichana kama kile. Watoto wa wakulima wa Bukombe, watoto wa wachimbaji wa Nyarugusu, wa Kikristo na wa Kiislamu, wote nyungo zilisimama hewani.

"Mwalimu, huyo shangazi anaishi Kahama. Ni shangazi yangu," anasema Limi.

"Karani mwenye ghorofa mimi ningemchukua," anasema Tatu.

"Wewe ungemchukua hata asiye na ghorofa."

Mama Kulwa naye alikuwa na lake, kila Jumamosi lile lile. "Huyu Edwini hana wajomba? Mwanamume mzima anaandika barua mwenyewe. Angetuma mshenga, mambo yangekwisha siku moja. Barua unaificha mtungini. Mshenga utamficha wapi?"

Nami niliipenda hadithi kuliko wote. Nilikuwa napika huku namfikiria Klara. Ila kila Jumamosi nilikuwa natazama karatasi za mkono wa kulia wa Mwalimu zikipungua, wengine wakifurahi kwamba tunakaribia, mimi peke yangu nikijua tunakaribia nini. Mwaka mzima nilijiambia nitamwambia wiki ijayo.

Siku yenyewe ilifika. Klara amehitaji mtungi, ameikuta barua. Ametoka mbio na mvua inanyesha, amefika darajani. Ng'ambo ya pili anamwona Edwini anatoka kwenye mashine yake. Mwalimu akafunua ukurasa, akakuta uzi wa mshono.

Alipitisha kidole pale palipochanika.

"Mchwa, Mwalimu," akasema Mama Kulwa. Alisema haraka, na hakumtazama Mwalimu, alinitazama mimi. "Stoo ile ina mchwa wabaya."

Mwalimu akasema, "Haya." Akakifunga kitabu, akaondoka. Baadaye alikiulizia Tabora, akakiulizia Mwanza. Kila mtu alikuwa amekisikia, hakuna aliyekuwa nacho.

Wiki ile chakula kilirudi jikoni. Wasichana walikuwa kama waliofiwa. Mama Kulwa akaniambia, tukiosha masufuria, "Mimi nimeshasema mchwa. Sasa wewe utasema nini?" Jumamosi iliyofuata nikasimama, nikasema mwisho naujua. Nikasema kuna Sista mmoja mzee niliyemfulia zamani, alinisimulia. Sista huyo hakuwahi kuwepo duniani. Mwalimu Perpetua alikuja akakaa juu ya kinu kama kawaida, mikono mapajani.

Nikawapa mwisho. Nikasema Edwini alipomwona Klara darajani hakuthubutu kusema naye njiani kama mhuni. Alimwamkia, akarudi kwao, akawaita wajomba. Wakamtuma mshenga, mzee mwenye kofia. Shangazi akakataa kumfungulia, mshenga akakaa mlangoni mpaka akafunguliwa. Wakabishana ng'ombe siku mbili. Wajomba wanasema kumi na wanane, shangazi anasema thelathini, na mmoja juu, mwenye baka jeupe usoni, wa kwake yeye kwa kumlea binti. Mwishowe wakaafikiana, ng'ombe wakavushwa daraja wakiongozwa na yule mwenye baka, na kijiji kizima kikatoka kuwatazama. Klara alikuwa dirishani. Edwini alikuwa nyuma ya ng'ombe wa mwisho, amelowa, anacheka kwa mara ya kwanza kitabu kizima.

Wasichana walipiga vigelegele mpaka Sista Mkuu akatoka ofisini. Jioni ile sufuria lilifutwa kwa vidole.

Toka hapo kila mwaka Mwalimu alikisoma kwa wapya, na tulipofika darajani alikuwa akinipa nafasi. "Mama Sayi, tumalizie." Miaka mitano. Mimi na Mwalimu tukawa watu wa kutembeleana. Alikuwa ananiita dada. Uongo ukikaa muda mrefu unaota nyasi juu, unadhani ni ardhi.

Mwaka wa sita alikuwepo Kabula. Huyu alitoka Nyarugusu, baba yake mchimbaji, msichana wa maswali, sauti kama karasha la kusagia mawe. Kidato cha nne walifanya mtihani wa majaribio, na karatasi zilisahihishwa na walimu wa shule nyingine. Swali moja liliwataka waeleze kitabu cha Kiingereza walichokisoma na jinsi kinavyoisha. Mwalimu alikuwa amewafundisha kitabu kingine cha darasani. Kabula akaandika hiki. Akaandika vizuri kurasa tatu, na ng'ombe wote akawaweka.

Karatasi ilirudi na alama ya sifuri, pembeni wino mwekundu: "Ng'ombe hawa wametoka wapi?" Walimu wa kule, tulisikia, walisomeana chumba cha walimu wakacheka mpaka chai ikapoa.

Sista Mkuu akatuita ofisini, Kabula, Mwalimu na mimi. Kabula alikuwa analia kwa hasira. "Sista, mimi sikubuni. Mwisho ni ule. Mama Sayi alisimuliwa."

"Mwalimu?" akauliza Sista Mkuu.

"Ndivyo alivyotuambia," akasema Mwalimu. "Mimi sina sababu ya kumtilia shaka." Akanigeukia, uso wake mweupe wa kuniamini. "Waeleze, dada."

Ningeweza kuendelea. Nilikuwa na mwaka mwingine wa uongo mdomoni, tayari. Lakini mtoto alikuwa amepata sifuri kwa ajili ya ng'ombe wangu.

"Wametoka kwangu," nikasema. "Hakuna Sista."

Mwalimu akauliza polepole, "Na mchwa?"

"Hakuna mchwa, Mwalimu. Nilikuwa nawasha moto."

Alivua miwani, akaifuta, akaivaa, akatoka. Sista Mkuu alinitazama, akasema Kabula ataandika upya insha yake, na mimi nirudi jikoni kabla maharage hayajaungua. Sikufukuzwa. Afadhali ningefukuzwa.

Jumamosi tatu Mwalimu hakuja. Kinu kililala pale bila mtu. Wasichana walichambua kwa kelele na haraka, vijiwe vikapita, mmoja akavunjika jino. Nilipokutana na Mwalimu njiani nilimwamkia, akaitikia kwa kichwa, kama wale wa ng'ambo kwa ng'ambo.

Nikafanya kama kwetu tunavyofanya. Mkosaji haendi mwenyewe, anatuma mtu mzima akalainishe njia. Nikapika matobolwa, yale ya viazi vitamu vilivyokaushwa, nikajaza bakuli, nikafunika kitambaa, nikamtuma Mama Kulwa aende nyumbani kwa Mwalimu akaniombee. Mama Kulwa alivaa kitenge cha kanisani. Alichukua kazi ile kwa uzito wote.

Alirudi na bakuli. Akaliweka mezani, akafunua kitambaa. Tupu.

Mnajua ninyi, bakuli la mtu halirudi tupu. Hata chumvi kidogo, hata limao moja.

"Amekula?" nikauliza.

"Amekula yote, nikimtazama."

"Akasema nini?"

"Akasema, 'Mama, asante, yamepikwa vizuri. Mwambie aliyechoma kitabu ana miguu.'"

Mama Kulwa alikaa chini, amechoka kama aliyetembea mpaka Kahama. "Ng'wanawane, mwanangu," akasema, "huyu hataki mshenga. Nenda."

Nilikwenda hivyohivyo nilivyokuwa, na majivu mikononi. Alikuwa amekaa kizingitini anasahihisha madaftari. Hakunikaribisha kiti. Nikasema nikiwa nimesimama, yote, tangu mvua na kuni mpaka Jumamosi ile. Nilipomaliza akasema, "Unajua kinachonikera? Si karatasi. Karatasi umechoma hujui. Ni kwamba miaka mitano nilikuwa napanda kitandani nikimwona yule ng'ombe mwenye baka jeupe, nikifurahi kwamba hatimaye naujua mwisho."

"Nisamehe, Mwalimu."

"Ulikuwa unaniita Perpetua."

"Nisamehe, Perpetua."

Akasogea kidogo pale kizingitini. Nikakaa. Akanipa nusu ya madaftari nimshikie.

Jumamosi iliyofuata alikuja, akasimama, akasema Mama Sayi ana neno. Nikawaambia wasichana ukweli wote mbele ya nyungo zao. Hakuna aliyecheka. Kabula ndiye aliyeuliza kwanza.

"Kwa hiyo hata kuoana, hatujui kama walioana?"

"Hatujui."

"Inawezekana yule Edwini aligeuka akarudi ndani?"

"Inawezekana."

Akafikiri, anachezesha maharage kwenye ungo. "Basi Mama Sayi, wewe endelea na ng'ombe wako. Ila kwenye mtihani siwaandiki tena."

Tangu siku hiyo kila kidato kilitunga mwisho wake, na mimi nilikuwa natoa wangu baada ya wao wote, nikiwa nimesema wazi kwamba ni wa kwangu. Wa Nyarugusu walikuwa wanamfukia Edwini kwenye duara, lile shimo la dhahabu, kisha wanamfukua mzima. Wa Ushirombo walikuwa hawamalizi bila padri. Mwaka mmoja walimwozesha Klara kwa karani mwenye ghorofa, wakajuta wenyewe, wakarudi Jumamosi iliyofuata kumwachisha. Wananiuliza watu, mnapendea nini kitabu cha Wazungu wa zamani. Nasema barua iliyofichwa kila nyumba ipo. Na kila mtu ana daraja lake analoliangalia tu.

Mama Kulwa tulimzika miaka mingi iliyopita, jiko likawa langu. Perpetua alistaafu, akajenga karibu na kanisa, kitabu akaniachia jikoni. Macho yake yamefifia sasa, anamjua mtu kwa hatua zake.

Siku niliyokabidhi mwiko mlikuwepo, mlimwona yule mama mwenye gauni la kijani aliyefika na pikipiki kutoka Geita. Ndiye Kabula. Ni mwalimu wa Kiingereza siku hizi, na sauti haijapungua. Aliniamkia, "Shikamoo Mama Sayi," akanitia mkononi kitu kilichofungwa gazeti. Kitabu kile, kizima, kina jalada. Alikiagiza kwa simu, kikasafiri miezi miwili.

"Umeusoma mwisho?" nikamuuliza.

"Sijathubutu. Twende kwa Mwalimu."

Tukaenda sote wawili. Nilibeba ungo na maharage kidogo, maana sikujua nitaweka wapi mikono. Perpetua akasikia hatua zetu, akasema, "Dada, na mwingine mzito wa viatu. Kabula?" Tukakaa kizingitini palepale. Kabula akafungua palipokuwa na uzi wa mshono katika kile chetu, akasoma kwa Kiingereza, na akasimulia kwa Kiswahili, kama tulivyozoea.

Edwini alipomwona Klara darajani alisimama. Kisha akaanza kutembea. Alivuka daraja lote kwenye mvua, bila kofia, mpaka mbele yake, akamuuliza kama aliipata barua. Klara akasema ameipata leo. Edwini akamuuliza jibu ni lipi. Klara akampa. Halafu kuna kurasa kadhaa za shangazi na harusi ndogo kanisani, mashine inasaga, kitabu kinaisha.

Mkono wangu ulikuwa umesimama kwenye maharage.

"Alikuja mwenyewe," akasema Perpetua. "Unasikia, dada?"

"Nasikia."

"Hakutuma mtu."

"Hakutuma."

"Wala matobolwa."

Kabula hakuelewa tulichokuwa tunacheka, wala hatukumweleza. Perpetua alijifuta macho kwa ncha ya khanga. Kisha akageuza uso upande wa Kabula.

"Na ng'ombe? Hakuna hata mmoja?"

Kabula akapekua tena karatasi zote tisa, mbele na nyuma. "Hakuna hata mmoja, Mwalimu."

Perpetua akaegemea ukuta, akaweka mikono mapajani kama alivyokuwa akikaa juu ya kinu.

"Ni mwisho mzuri," akasema. "Nashukuru nimeusikia. Sasa, Mama Sayi, tumalizie."

Nikaweka ungo chini. Nikaanza na wajomba.